Joto Ndani ya Bomba la Kichocheo

Kinu cha tabaka tuli ni bomba au pipa lililojazwa punje za kichocheo zisizosogea, huku gesi ikipenya kati ya punje hizo na kubadilika kikemia kila inapozigusa. Baadhi ya mibadiliko hiyo hutoa joto. Mingine humeza joto, na isipoletewa joto kutoka nje husimama. Mazungumzo haya yanahusu kundi la pili: vinu vinavyopashwa moto kwa nje, na namna wahandisi wanavyokokotoa safari ya joto kutoka kwenye miali ya moto, kupita ukuta wa bomba, hadi kwenye punje ambako kazi inafanyika.

Mfano unaofaa kuliko yote ni kinu kinachotengeneza haidrojeni kutokana na gesi asilia na mvuke wa maji. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hukutana na mvuke juu ya kichocheo cha nikeli na kuzaa kaboni monoksaidi na haidrojeni. Kila moli moja ya methani inayobadilika humeza kilojuli 206 za joto. Mbadiliko wa pili hufuatana na huo: kaboni monoksaidi na mvuke huwa kaboni dioksaidi na haidrojeni zaidi, na kila moli hurudisha kilojuli 41 tu. Hesabu ya mwisho ni upungufu mkubwa wa joto, na upungufu huo hufidiwa na vichomeo vilivyo nje ya bomba.

Haidrojeni hiyo ndiyo msingi wa amonia, na amonia ndiyo msingi wa yurea. Viwanda vya Sur nchini Oman na Mesaieed nchini Qatar hutengeneza yurea kutokana na gesi asilia kwa njia hii. Mkulima wa mahindi wa Njombe au Kitale anayetia yurea shambani, mara nyingi anatumia zao lililoanzia ndani ya bomba la namna hiyo.

Kwa umbo, kinu hiki ni tanuru kubwa lenye mabomba yaliyosimama wima, aghalabu mamia kadhaa, yamepangwa safu kwa safu. Kila bomba lina urefu wa mita 10 hadi 13 na kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 10. Ukuta wake, wenye unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, ni wa aloi ya chuma, nikeli na kromiamu iliyomiminwa katika kalibu inayozunguka kwa kasi. Gesi na mvuke huingia vikiwa na nyuzi 500 hivi za Selsiasi na kutoka vikiwa na nyuzi 800 hadi 900, chini ya shinikizo la mara 20 hadi 40 ya lile la hewa ya kawaida.

Modeli ya kinu hiki inatakiwa kujibu maswali matatu. Je, jotoridi la gesi na punje ni kiasi gani katika kila sehemu ya bomba? Je, methani kiasi gani imekwisha kubadilika? Na je, ukuta wa bomba una jotoridi gani? Swali la tatu ndilo linaloamua bomba litadumu miaka mingapi, na jibu lake limo katika milimita chache zinazopakana na ukuta. Hapo ndipo penye ugumu mkubwa wa kazi yote.

Safari ya joto ina hatua tano, na ni vema kuzifuata moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza imo ndani ya tanuru. Gesi za moto zina zaidi ya nyuzi 1,000, na katika jotoridi hilo sehemu kubwa ya joto hufika kwenye bomba kwa mnururisho, yaani kwa miali inayosafiri bila kuhitaji kubebwa na kitu. Kanuni ya Stefan na Boltzmann inasema kwamba miali hiyo huongezeka kwa kipeo cha nne cha jotoridi halisi. Kitu kikipanda kutoka kelvini 800 hadi 1,200, miali yake huongezeka mara tano. Hoyt Hottel wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha namna ya kuigawa tanuru katika kanda na kukokotoa miali inayobadilishana kati ya kanda moja na nyingine, na mbinu hiyo bado inatumika. Takribani nusu ya joto la vichomeo huingia mabombani. Linalobaki huondoka na moshi, na halipotei bure: hutumika kutengeneza mvuke na kupasha gesi inayoingia.

Hatua ya pili ni kupita ukutani. Joto hapa husafiri kwa mpitisho, kutoka chembe hadi chembe za aloi. Hesabu yake ni nyepesi, kwa sababu unene wa ukuta unajulikana na uwezo wa aloi wa kupitisha joto umepimwa.

Hatua ya tatu ni kuvuka kutoka uso wa ndani wa ukuta kuingia kwenye tabaka la punje. Hesabu hii si nyepesi hata kidogo. Punje haziwezi kulala sawasawa dhidi ya ukuta kama zinavyolala zenyewe kwa zenyewe. Hugusa ukuta kwa ncha tu, na kati ya ncha hizo hubaki nafasi pana. Gesi hupita hapo kwa wepesi, lakini haichanganyiki vizuri kwenda upande, kwa kuwa ukuta unaizuia. Matokeo yake ni kwamba jotoridi hushuka ghafla sana katika umbali mdogo.

Hatua ya nne ni kutoka pembezoni mwa tabaka hadi katikati ya bomba. Njia zote tatu za joto hushirikiana hapa. Kuna mpitisho kupitia punje na sehemu zinapogusana. Kuna mnururisho kutoka punje hadi punje. Na kuna myuko, yaani joto linalobebwa na gesi inapojipinda kuzunguka punje, ikigawanyika na kuungana tena. Mtu anayekaanga karanga huzikoroga, kwa sababu zilizogusa sufuria huungua huku za juu zikibaki mbichi. Ndani ya bomba la kichocheo hakuna mwiko, na kujipinda huko kwa gesi ndiko pekee kunakokoroga.

Hatua ya tano ni kutoka kwenye gesi hadi kwenye punje. Punje inameza joto muda wote, kwa hiyo huwa na jotoridi dogo kidogo kuliko gesi inayoizunguka. Zaidi ya hayo, mbadiliko wa kikemia ni wa kasi mno kiasi kwamba methani hutumika kabla haijafika ndani. Ganda la nje la punje hufanya karibu kazi yote, na kiini chake hubaki bila kazi. Ndiyo maana punje za vinu hivi hutengenezwa kama pete au gurudumu lenye matundu manne, saba au kumi: umbo hilo huongeza uso wa nje na kuacha njia kwa gesi.

Baada ya safari hiyo kueleweka, kinachofuata ni kuiandika kwa milinganyo. Msingi wa milinganyo yote ni mmoja. Katika kipande chochote cha bomba, joto linaloingia kupitia ukuta hugawanyika mafungu mawili: moja humezwa na kemia, jingine hupandisha jotoridi la gesi inayopita. Tofauti kati ya modeli moja na nyingine ni namna zinavyolichora hilo tabaka la punje.

Mtu wa mapema kuandika hesabu ya joto katika tabaka kama hilo alikuwa Schumann, mwaka 1929. Alichukua kimiminika kinachopita ndani ya kitu chenye vinyweleo, akakipa kimiminika jotoridi lake na kitu kigumu jotoridi lake, kisha akatatua namna joto linavyohama kutoka kimoja kwenda kingine. Mgawanyo huo wa vitu viwili, kila kimoja na jotoridi lake, umebaki kuwa moja ya njia kuu hadi leo.

Modeli nyepesi kuliko zote huchukulia gesi na punje kuwa kitu kimoja, na huchukulia kwamba jotoridi ni lile lile kutoka ukutani hadi katikati. Jotoridi hubadilika kwa urefu wa bomba tu. Ukinzani wote wa joto upande wa ndani hufungwa katika namba moja, ambayo ni kizigeu cha uhamishaji joto kati ya ukuta na gesi. Modeli hii hutatuliwa kwa muda mfupi sana, na kwa kukadiria haidrojeni itakayotoka mwisho wa bomba inatosha vizuri.

Modeli ya pili huongeza upana. Jotoridi huruhusiwa kutofautiana kutoka katikati hadi pembezoni, na hapo namba mbili huhitajika badala ya moja. Namba ya kwanza ni upitishaji joto wa tabaka zima kwa upande, unaojumlisha mpitisho, mnururisho na myuko. Mwaka 1957 wanasayansi wa Japani, Yagi na Kunii, waliigawa namba hiyo sehemu mbili: sehemu inayokuwapo hata gesi ikiwa imetulia, na sehemu inayokua kadiri gesi inavyokwenda kasi. Mwaka 1970 Zehner na Schlünder wa Ujerumani walitoa kanuni ya sehemu ile ya kwanza ambayo bado inatumika sana. Katika kinu cha haidrojeni gesi huenda kasi, kwa hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Namba ya pili inayohitajika ni kizigeu cha ukutani. Chenyewe kinasimamia ile hatua ya tatu, mruko wa ghafla wa jotoridi kati ya ukuta na ukingo wa tabaka.

Modeli hizi mbili zina uhusiano ulio wazi. Jotoridi likichorwa kama mpindo laini kutoka katikati hadi ukingoni, ukinzani wa tabaka huwa sawa na nusukipenyo cha bomba kugawanywa kwa mara nne ya upitishaji joto wa tabaka. Ukijumlisha ukinzani huo na ule wa ukutani, unapata ukinzani mmoja unaotumika katika modeli nyepesi. Kwa hiyo modeli nyepesi ni muhtasari wa ile ya pili.

Modeli ya tatu hurudi kwenye wazo la Schumann na kuzitenga gesi na punje. Huongeza pia mtiririko wa methani na joto ndani ya punje yenyewe. Modeli hii hufaa zaidi pale punje na gesi zinapotofautiana sana, au mhandisi anapotaka kujua kama ukubwa na umbo la punje vinafaa.

Modeli zote hizi huhitaji taarifa mbili za ziada. Moja ni kasi ya mbadiliko wa kikemia. Milinganyo iliyotolewa mwaka 1989 na Xu na Froment wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kwa kichocheo cha nikeli ndiyo inayotumika zaidi. Nyingine ni upungufu wa shinikizo kadiri gesi inavyosukumana na punje. Hapo hutumika mlinganyo wa Ergun wa mwaka 1952, wenye sehemu ya mnato wa gesi na sehemu ya mwendo wake. Sehemu hii ya pili huongezeka kwa mraba wa kasi. Mlinganyo huu ndio unaomzuia mhandisi kutumia punje ndogo mno: zingekuwa na uso mwingi wa kufanyia kazi, lakini zingekaba njia ya gesi.

Namba zikiwekwa, picha hukaa sawa. Chukua bomba la mfano lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, urefu wa mita 12 na ukuta wa milimita 12. Kila mita ya mraba ya uso wa ndani inapitisha kilowati 70. Uso huo ni karibu mita za mraba 3.8, kwa hiyo bomba moja hupokea karibu kilowati 264. Aloi ikiwa na upitishaji wa wati 28 kwa mita kwa kelvini, jotoridi hushuka karibu nyuzi 27 ndani ya ukuta. Kizigeu cha ukutani kikiwa wati 1,400 kwa mita ya mraba kwa kelvini, mruko wa ukutani ni nyuzi 50. Upitishaji wa tabaka ukiwa wati 25 kwa mita kwa kelvini, kutoka ukingo wa tabaka hadi jotoridi la wastani la gesi kuna nyuzi 35 nyingine. Jumla ni nyuzi 112. Gesi ikiwa na nyuzi 750, uso wa nje wa bomba una nyuzi 862.

Katika hesabu hiyo, fungu kubwa kuliko yote ni la ukutani, na ndilo lisilojulikana vizuri. Tuseme kizigeu halisi ni 1,000 badala ya 1,400. Mruko wa ukutani unakuwa nyuzi 70, na uso wa bomba unapanda nyuzi 20. Bomba la kinu hiki kwa kawaida husanifiwa lidumu saa 100,000, yaani miaka 11 na ushei. Katika moto mkali na shinikizo, aloi hunyumbuka polepole sana, mwaka hadi mwaka, mpaka ipasuke. Wahandisi wa vinu hivi hukadiria kwamba nyongeza ya nyuzi 20 hivi ukutani hupunguza maisha ya bomba kwa nusu. Kosa la karibu theluthi moja katika namba moja, basi, linatosha kufuta miaka mitano ya matumizi.

Kwa nini namba hiyo ni ngumu kuipata? Jibu limo katika mpangilio wa punje. Mwaka 1962 Benenati na Brosilow walifanya jaribio ambalo linafaa kuangaliwa kwa karibu. Walijaza marisau ya risasi, yote ya ukubwa mmoja, ndani ya chombo cha mviringo. Wakamimina gundi ya eposi ikajaza nafasi zote zilizobaki, wakaiacha igande. Wakapata mche mmoja mgumu, wakauchonga kwa mashine, ganda baada ya ganda, kutoka nje kwenda ndani, wakipima uzito na kipenyo kila hatua. Kwa kuwa risasi ni nzito sana kuliko gundi, uzito wa kila ganda ulifichua ni kiasi gani cha nafasi kilikuwa wazi hapo.

Walichokiona ni hiki: ukutani kabisa, karibu nafasi yote ni wazi. Ukisogea ndani kwa nusu ya kipenyo cha punje, nafasi wazi hupungua sana, kwa kuwa hapo ndipo vilipo vitovu vya safu ya kwanza. Kisha huongezeka tena, hupungua tena, na mawimbi hayo hufifia hadi umbali wa punje nne au tano kutoka ukutani. Baada ya hapo nafasi wazi hutulia kwenye asilimia 40 hivi. Sasa, bomba la haidrojeni lina upana wa punje tano hadi nane tu. Maana yake hakuna sehemu ya bomba iliyo huru kutokana na ukuta. Tabaka zima ni eneo la ukuta, na modeli inayochukulia kwamba punje zimesambaa sawasawa imeficha jambo hilo ndani ya kizigeu kimoja.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kompyuta zimewezesha njia nyingine. Punje huchorwa moja moja zilivyolala, na mwendo wa gesi hukokotolewa katika kila upenyo kati yake. Anthony Dixon na wenzake wa Worcester Polytechnic Institute, Marekani, ni miongoni mwa walioiendeleza njia hii kwa mabomba ya haidrojeni. Hesabu hizo zimeonyesha kwamba punje iliyo jirani na ukuta haina jotoridi moja: upande unaoelekea ukuta una moto zaidi kuliko upande unaoelekea katikati. Njia hii hula muda mwingi wa kompyuta, kwa hiyo hutumika kwa kipande kifupi cha bomba, kisha matokeo yake husahihisha vizigeu vya modeli nyepesi.

Jotoridi la pembezoni lina jambo jingine la hatari. Mahali penye moto mwingi na mvuke mchache, methani huweza kuvunjika na kuacha kaboni juu ya kichocheo. Kichocheo kilichofunikwa kaboni hakifanyi kazi, kwa hiyo hakimezi joto. Joto lisilomezwa huzidi kuupasha ukuta. Na ukuta wenye moto zaidi huleta kaboni zaidi. Kwa nje huonekana mkanda mwekundu unaong'aa kwenye bomba, mara nyingi kama theluthi ya urefu kutoka juu, ambako methani bado ni nyingi na moto tayari ni mkali. Kinga yake ni mvuke wa kutosha, kwa kawaida karibu moli tatu kwa kila moli ya kaboni, na kichocheo kilichotiwa potasiamu katika sehemu hiyo ya bomba. Modeli yenye wastani wa jotoridi peke yake haiwezi kuutabiri mkanda huo. Modeli yenye upana inaweza.

Hesabu yoyote lazima ipimwe dhidi ya kitu halisi. Maabarani, gesi ya moto hupitishwa kwenye tabaka lisilo na mbadiliko wa kikemia, na vipimajoto vya waya hupangwa kwa duara juu ya tabaka, katika umbali tofauti kutoka katikati. Upitishaji wa tabaka na kizigeu cha ukutani hutafutwa mpaka mpindo wa hesabu uendane na vipimo. Tatizo linalojulikana ni kwamba namba zinazopatikana hubadilika kufuatana na urefu wa tabaka lililopimwa, ilhali hazipaswi. Sababu moja ni kupuuza joto linalosambaa kwa urefu. Nyingine ni joto linalopita kwenye vishikio vya vipimajoto vyenyewe. Kiwandani, jotoridi la mabomba hupimwa kwa kifaa cha miali ya infraredi kinachoelekezwa kupitia tundu la ukuta wa tanuru. Kuta za tanuru nazo hutoa miali, na bomba huiakisi, kwa hiyo kifaa husoma zaidi ya hali halisi mpaka kisahihishwe.

Njia nyingine ya kushughulikia ukinzani wa joto ukutani na katika tabaka ni kuupunguza wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walieleza katika jarida la Science kinu ambacho umeme hupita ndani ya ukuta wa bomba na kuupasha, huku kichocheo kikiwa kimepakwa kama utando mwembamba kwenye uso wa ndani. Hakuna tanuru, na joto halivuki tabaka la punje. Hatua nne za mwanzo za safari karibu zote zimeondolewa, na ukuta hauhitaji kuizidi gesi kwa nyuzi nyingi.

Viwanda vingi, hata hivyo, bado vinaendeshwa kwa mabomba yaliyojaa punje, na vitaendelea hivyo kwa muda mrefu. Kwa hivyo uchaguzi wa modeli hufuata swali linaloulizwa. Kwa kukadiria kiasi cha haidrojeni, modeli ya urefu peke yake inatosha. Kwa kujua bomba litadumu kiasi gani au kaboni itajijenga wapi, upana wa bomba lazima uingie. Kwa kubuni umbo jipya la punje, punje zenyewe lazima zichorwe. Katika hali zote tatu, kizigeu cha ukutani ndiyo namba ya kuhojiwa kwanza: kimepimwa wapi, kwa punje za umbo gani, na katika bomba la upana gani.